Harufu ya Marehemu Kwenye Kola

Mara ya kwanza kuisikia harufu ya marehemu ndani ya nyumba yangu, nilikuwa natia uzi kwenye sindano.

Mchana kweupe. Dirisha wazi, redio ya jirani inabwata, na mimi nimekaa kwenye cherehani yangu pale chumba cha mbele.

Ikapita. Siki na sukari iliyoungua, halafu kwa nyuma kabisa kama ua tamu.

Nikageuka. Binti wa mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, anatabasamu.

"Mama amekuja," akaniambia.

Jamani. Mama yake nilimkuta ameshazikwa.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana mkisikia juu juu mtasema nimetunga.

Mimi ni fundi cherehani. Niliolewa na mwanaume aliyefiwa na mke, fundi majokofu, mtu mpole mpaka anaudhi. Alikuwa na binti mmoja tu. Siku ya kwanza nilipoingia kwenye ile nyumba, yule mtoto alimwaga kasha langu la vifungo sakafuni, akakaa kuvipanga kwa rangi, na usoni hakuniangalia kabisa. Nikaona nimpe jina. Kifungo lingekuwa jina la jela, kwa hiyo nikamwita Kitufe. Likamganda mpaka shuleni.

Kitufe tulielewana haraka. Aliyenisumbua ni mama yake mdogo.

Huyu mama mdogo ni mdogo wake marehemu, tumbo moja. Saluni aliyoianzisha dada yake, sasa yeye ndiye anayeiendesha. Mwanamke nadhifu, kajipulizia manukato ya kutosha watu watatu, na ndani kwangu alikuwa haingii. Mazungumzo yetu yote yalikuwa ya getini.

Na getini hapo hapo alinipa masharti.

"Chakula pika wewe. Nguo mshonee wewe. Lakini kichwa cha mtoto wa dada yangu niachie mimi."

Nikamjibu sawa. Nigombanie kichana ili iweje?

Basi ikawa hivyo. Siku za kawaida anamsuka mwenyewe mistari miwili mitatu. Kukiwa na shughuli anamchukua asubuhi, anamrudisha mchana, nywele zimenyooka hadi mabegani, zinang'aa, kila akigeuka zinageuka naye. Mimi kazi yangu ni kumvika gauni nililomshonea na kufunga vifungo vya mgongoni.

Siku ile ya harufu ilikuwa siku ya picha za shule.

Kabla wiki haijaisha, Kitufe alianza kutapika.

Nilidhani tumbo tu la watoto. Halafu akaanza kulalamika mgongo. Mtoto mdogo vile, anashika kiuno utafikiri amebeba mizigo sokoni. Kukojoa akawa hakojoi. Asubuhi moja akaamka uso umevimba, macho yamebaki michirizi.

Tulimbeba mbio hospitali. Wakapima damu, daktari akatuambia figo zimeumia.

Daktari mwenyewe ni mama mmoja mfupi, anaongea polepole, anauliza swali halafu anasubiri jibu kweli.

Amekula nini? Maji anakunywa ya wapi? Kuna dawa yoyote amemeza? Kuna sumu ya panya nyumbani?

Majibu yote nilitoa mimi, maana mpishi ni mimi.

Wakamtundikia maji, wakamchunga, akapata nafuu. Tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Mama mdogo aliniangalia tu getini, akaguna, akaondoka.

Sasa siku moja nasafisha rafu ya juu ndani ya kabati, nikakuta mfuko wa nguo za marehemu. Mume wangu hakuwa na moyo wa kuzitoa. Juu kabisa kulikuwa na kitambaa chake cha kichwa.

Sijui nini kilinituma. Nikakinusa.

Siki. Sukari iliyoungua. Ua.

Nikakaa kitandani na kile kitambaa mkononi. Ni harufu ile ile iliyopita nyuma ya cherehani yangu siku Kitufe aliposema mama amekuja.

Mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Lakini siku ile, peke yangu chumbani, niliongea na kitambaa. "Dada, mtoto wako nampenda. Sijakunyang'anya. Tafadhali usimchukue."

Nikakirudisha kwenye mfuko, nikafunga kabati kwa ufunguo. Mume wangu sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Miezi ikapita. Ikaja harusi ya binamu yake Kitufe.

Kitufe alikuwa abebe maua, kwa hiyo nilimshonea gauni la heshima: jeupe, kiuno kimebanwa, na kola kubwa ya duara ambayo niliifumua na kuirudia mpaka ikakaa nilivyotaka. Asubuhi mama mdogo akamchukua saluni. Mchana akamrudisha. Nikamvika.

Harufu ikaja tena. Safari hii haikupita. Ilikaa.

Ilikaa ukumbini, ikarudi na sisi nyumbani. Kesho yake naenda kutandika kitanda cha Kitufe, nikaikuta kwenye mto.

"Mama alilala na mimi," akasema, huku anavaa soksi, wala hana wasiwasi. Kwake hizo zilikuwa habari njema.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Umemwona?"

"Simwoni. Namsikia tu harufu."

Nilijua tutarudi hospitali, na tulirudi.

Mara ya pili ilikuwa mbaya, acha kabisa. Kutapika, degedege, uso umevimba mpaka si yeye. Wakamuunganisha na mashine ya kusafisha damu. Mirija inatoka kwenye mwili ule mdogo, damu yake inatembea nje, na mimi nimesimama kwenye kioo cha mlango nasema moyoni, dada, umekuja kumchukua kweli.

Wakachukua kipande kidogo cha figo wakakipima. Daktari akatuita wote ofisini: mimi, mume wangu, mama mkwe, mama mdogo.

"Figo zimejaa chenga," akasema. "Vipande vidogo vigumu, kama chumvi iliyogandamana. Mara nyingi hii inatokea pale kitu chenye sumu kinapoingia mwilini kutoka nje. Na kwa kuwa ni mara ya pili, hicho kitu kiko jirani na mtoto. Lazima mkitafute."



Halafu vichwa vyote vikageuka kuniangalia mimi.

Ndugu zangu, kuna upweke hauna jina. Wewe ndiye unayempikia mtoto, wewe ndiye uliyemkesha, na ni mama wa kambo. Hata ningekuwa mimi ndiye nasikiliza hiyo hadithi, ningemshuku huyo mama.

Niliingia jikoni nikatupa kila kitu. Mafuta, chumvi, viungo, sufuria zilizokwanguka. Nilifika mahali nikajishuku mwenyewe, nikawa naosha mikono kabla ya kuosha mboga na baada ya kuosha mboga.

Mume wangu, mtu aliyekuwa anakula mpaka ukoko, ghafla akawa na gesi tumboni. Kila nikipakua, gesi. Jioni anarudi na mkate wake kwenye mfuko, anakula amesimama. Hakunituhumu hata siku moja, na kile kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Mama mdogo yeye alisema waziwazi, kwenye kikao cha familia, mbele ya watu wazima wote.

"Dada yangu alikufa figo zikagoma, mkaniambia ni mapenzi ya Mungu. Haya. Sasa mtoto wake figo zinagoma, na kwenye nyumba kuna mwanamke mwingine. Nisubiri tena mapenzi ya Mungu?"

"Marehemu alikufa mimi sijawajua nyinyi," nikasema.

"Ndiyo hivyo unavyosema."

Mama mkwe akakata shauri. Kitufe akiruhusiwa kutoka hospitali, harudi kwangu. Anakwenda kukaa kwa mama yake mdogo, kwenye vyumba vilivyo nyuma ya saluni. Mume wangu akainamisha kichwa, akakubali.

Nililia mpaka nikanyamaza. Ningefanya nini? Kama kweli nyumba yangu ilikuwa na kitu kinachommaliza, basi aende. Bora akose mimi kuliko akose uhai.

Siku ya kuruhusiwa ikafika. Asubuhi mume wangu akapiga simu, sauti ya mtu anayeomba radhi bila kuomba.

"Kitufe anataka kutoka na gauni la harusi. Lete."

Gauni lilikuwa bado halijafuliwa, lilining'inia vilevile tangu siku ile. Na mtoto alikuwa amekonda. Nikalitoa, nikapunguza ubavuni huku na huku. Nilishona machozi yakidondoka kwenye kitambaa, sijali. Nikajiambia hii ndiyo nguo ya mwisho kumshonea, acha angalau imkae.

Nikawasha pasi. Mafundi wenzangu mnajua, kola haipigwi pasi kavu. Unalowesha kitambaa, unatandika juu, unakandamiza.

Mvuke ukapanda.

Na marehemu akajaa chumba kizima.

Nilipiga kelele, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Nikasubiri sijui nini, mlango ujifungue, taa izime. Hakuna kilichotokea. Redio ya jirani ilikuwa inasoma bei za mazao.

Nikasogea. Nikakandamiza tena. Harufu ikapanda tena.

Nikainua pasi. Ikapungua.

Nikainama nikanusa lile gauni kama mbwa wa polisi. Mbele, hakuna. Mikono, hakuna. Pindo, hakuna. Kola upande wa mbele, kwa mbali. Kola upande wa nyuma, pale nywele zinapolalia, ndipo ilipokuwa yote.

Nikakimbilia kabatini, nikatoa gauni la picha za shule. Nalo lilikuwa limefuliwa mara nyingi, lakini nilipolitia mvuke kolani, kwa mbali, ikaja.

Nikakaa chini sakafuni. Mara mbili harufu ilikuja, na mara zote mbili Kitufe alikuwa ametoka kutengenezwa nywele. Kitambaa cha marehemu kilikuwa cha kichwa. Mtoto alisema mama amelala naye, na alicholalia ni mto ulioshika harufu ya nywele zake.

Marehemu hakuwa anakuja popote. Harufu ilikuwa inatoka kwenye kichwa cha mtoto, kichwa nilichokatazwa kukigusa.

Nikampigia mume wangu.

"Mama mdogo yuko wapi?"

"Yuko naye wodini. Amekuja na vifaa vyake, anamtengeneza nywele atoke amependeza. Mimi niko huku kwenye foleni ya..."

Sikusikia foleni ya nini. Nilichukua gauni, nikatoka nikasimamisha pikipiki ya kwanza. Pasi niliiacha inawaka. Meza yangu mpaka leo ina alama nyeusi.

Wodini nilimkuta Kitufe amekaa kwenye kiti, taulo mabegani, nywele zimegawanywa mafungu mafungu kwa vibanio. Kitandani kuna kopo limefunguliwa. Mama mdogo kavaa glavu, brashi imeshachovya, mkono uko hewani.

"Weka chini!"

Wodi nzima ikageuka.

"Wewe mwanamke, umechanganyikiwa?"

"Weka chini hiyo brashi. Usimpake."

"Mtoto si wako tena, hujaambiwa?" Akacheka kwa hasira. "Jamani mwoneni. Hata nywele sasa zinamuuma."

Nikaingia katikati, mgongo wangu kwa Kitufe, uso wangu kwake. Brashi ikanigusa shavuni. Ilikuwa baridi, wala haikuwasha. Na harufu ndiyo ile.

Muuguzi akaja mbio, nyuma yake daktari. Nikaanza kuongea haraka, maneno yanagongana: kola, pasi, mto, kitambaa cha marehemu. Nilijua naonekana kichaa. Nikamtupia daktari gauni mikononi.

Daktari hakucheka. Akanusa kola. Akanusa kopo. Akaligeuza, akavaa miwani, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma. Mbele lilikuwa na maua, na picha ya mtoto anayecheka.

"Mara ya mwisho ulimpaka lini?" akamuuliza mama mdogo.

"Harusi."

"Na kabla ya hapo?"

"Siku ya picha za shule."

Daktari akamtazama Kitufe, akamwambia muuguzi ampeleke akaoshwe kichwa kwa tahadhari, hata kama bado hajapakwa. Kisha akatuingiza ofisini.

"Mimi niliuliza alichokula," akasema. "Alichopakwa sikuuliza, na nilipaswa kuuliza. Zipo taarifa za watu waliopakwa dawa za kunyoosha nywele za aina hii, figo zao zikaumia hivi hivi. Kuna tindikali ndani yake inayopenya kwenye ngozi ya kichwa. Mwili ukiibadilisha, zinatokea zile chenga."

"Haiwezekani!" Mama mdogo alisimama. "Wateja wangu mbona wazima?"

"Mteja akitapika kesho kutwa yake, akiumwa mgongo, atakuja kukuambia wewe wa saluni?"



"Lakini hii haichomi," mama mdogo akasema, sauti imeshuka. "Ile ya zamani ilikuwa inachoma, watu wanatoka vidonda. Hii mtoto analala usingizi kabisa nikimpaka. Ndiyo maana nilimchagulia hii. Kwa sababu haimchomi, yeye namwacha nayo muda mrefu kuliko watu wazima. Namfunga nailoni inywe vizuri, napitisha pasi ya nywele ya moto, na asioshe mpaka..."

Akakatisha hapo hapo. Nilimwona anayasikia maneno yake mwenyewe.

Nitawaambia ukweli. Nilikuwa nimeandaa ya kumwambia. Kwa wiki zote za kushukiwa, nilikuwa na yangu ya kumrudishia, makali, moja baada ya lingine. Nikafungua mdomo.

Yeye akaniwahi, lakini hakusema na mimi.

"Daktari," akasema. "Mtu akiwa ameumwa figo, akalazwa, akaanza kupata nafuu. Halafu akapakwa tena. Inakuwaje?"

"Kwa nini unauliza?"

Alikuwa anavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Dawa hii dada ndiye aliyeileta saluni. Kila kopo jipya likija alilijaribu kwanza kichwani kwake. Alikuwa anasema hawezi kumpaka mteja kitu asichokijua. Akaumwa. Akalazwa hapa hapa, wodi ya chini, kitanda cha dirishani. Akapata nafuu, anakula, anacheka. Akaniambia, mdogo wangu, nywele hizi zinanitia unyonge, nitengeneze nitoke nimependeza."

Akaziweka glavu mezani.

"Nikamtengeneza."

Mume wangu alikuwa mlangoni na karatasi za kuruhusiwa. Sijui alisimama pale tangu lini. Karatasi zilimponyoka, hakuinama kuziokota.

"Hakutoka," mama mdogo akasema. "Tulimzika na nywele zimenyooka. Watu wakasema amependeza."

Daktari alivua miwani. "Hakupimwa kama alivyopimwa mtoto. Siwezi kukuambia ndiyo. Na siwezi kukudanganya nikasema hapana."

Yale maneno yangu makali niliyameza. Nilimshika yule mwanamke kabla hajafika sakafuni, na alilia kifuani kwangu kwa sauti ambayo bado naisikia nikiwa peke yangu na cherehani imenyamaza.

Kitufe alirudi kwangu. Anapona, lakini kliniki tunaenda mpaka leo, na daktari hajasema neno kupona kabisa. Kila akisema mgongo unauma, hata kama ameruka kamba siku nzima, mimi moyo unasimama.

Jioni ya siku ile ya hospitali mume wangu aliniomba chakula. Nikampakulia, akala mpaka ukoko, macho yamejaa maji. Kama nimemsamehe? Tuulizane mwakani.

Mama mdogo aliyachoma makopo yote, saluni sasa anasuka tu. Siku hizi anaingia ndani kwangu. Akifika ananawa mikono kwanza. Ananawa, anainusa, ananawa tena. Kitufe akimkalia magotini anamkumbatia, lakini kichwa chake hakigusi.

Na nyinyi mnaosoma, hasa mnaopeleka watoto saluni kwa ajili ya picha na harusi: ukiulizwa hospitalini mtoto amekula nini, taja na alichopakwa. Usingoje kuulizwa. Na kitu kisichomchoma mtoto, msidhani kimemhurumia. Nywele zake ziacheni zilivyo, atapendeza tu.

Nimebaki na moja.

Juzi niliacha kabati wazi, Kitufe akaukuta mfuko wa mama yake, akakivuta kile kitambaa cha kichwa, akajifunika nacho uso. Nilimnyang'anya. Akalia sana, na sikuwa na maneno ya kumweleza mtoto kwamba ile siyo harufu ya mama yake, ni harufu ya kitu ambacho huenda ndicho kilichomuua.

Nikakifua. Nikakifua tena kwa sabuni ya unga, nikakianika juani kutwa, nikampa.

Alikinusa muda mrefu. Akakigeuza, akanusa upande wa pili.

"Mama ameondoka," akasema.

Nikamkalisha kati ya magoti yangu, nikachukua kichana na maji, nikaanza kumchana, polepole, kuanzia chini.